Wana jumuiya njooni: nani alikushika mkono imani yako ilipokuwa inazima? Tusimuliane

Katibu_Mbagala (mleta uzi)

Tumsifu Yesu Kristu wapendwa, na kwa ndugu zetu wa madhehebu mengine Bwana Yesu asifiwe.

Hili jambo limenikaa moyoni muda mrefu nikaona nililete hapa. Mimi ni katibu wa jumuiya ndogo ndogo huku Mbagala, tunakutana Jumamosi alfajiri kwa zamu nyumba kwa nyumba, mnajua wenyewe ilivyo, mkeka, viti vya plastiki vya kuazima kwa jirani, mshumaa, Biblia juu ya kitambaa cheupe. Tunasali rozari, tunasoma injili ya Jumapili, mtu mmoja anasema maneno mawili, halafu yanaanza matangazo. Mchango wa ujenzi, tegemeza, mavuno, rambirambi, harusi ya mtoto wa fulani, sare ya sherehe ya somo (mtakatifu msimamizi) wa jumuiya, nani hajamalizia ya mwaka jana. Muda wote unaliwa na daftari. Sisemi michango ni mibaya, kanisa linajengwa na watu na kumzika mwenzetu kwa heshima ni kazi ya kikristo kabisa, ila mtu anayekuja pale amebeba jambo zito anatoka nalo vile vile alivyoingia, Jumamosi inayofuata haonekani, na sisi tunaandika kwenye daftari "hayupo" basi imeisha.

Kwetu mambo yalianza kubadilika siku tuliyosoma Luka 24, wale wawili wa njia ya Emau. Kuna mama anauza samaki Zakhiem, mtu wa kukaa pembeni siku zote, akasema mimi hapo waliposema "tulikuwa tukitumaini" ndo pamenichoma, maana na mimi nilitumaini, mwanangu wa kwanza anatumia unga, haya madawa ya kulevya, na siku hizi nikisali nasali kwa mdomo tu. Kimya. Hakuna aliyejua, na tunasali naye miaka. Halafu mzee mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuitikia amina tu akajikohoza akasema mama, wangu alikuwa hivyo hivyo, kaniuzia mpaka mabati, saa hizi anakunywa dawa ya methadoni hospitali ya Temeke kila asubuhi, hajawa malaika ila anakula, analala nyumbani, anaongea na mama yake. Kesho ntakupeleka. Na kweli alimpeleka.

Yule kijana wa mama bado anapambana, kuna wiki anaenda na kuna wiki anapotea, kwa hiyo sileti hapa ushuhuda wa mambo kuisha. Ila mama anasali tena. Ye mwenyewe anasema ile siku alijua kwamba Mungu hajamtenga yeye peke yake.

Tangu hapo tukakubaliana Neno linaanza na daftari linakuwa mwisho kabisa, na kwenye Neno tunafuata zile hatua saba za kushirikishana Injili zilizotoka taasisi ya Lumko kule Afrika Kusini, ambazo parokia nyingi zinazo kwenye makaratasi na hazitumiki. Kwa wasiozijua: tunamkaribisha Bwana, tunasoma, kila mtu anachagua neno au sentensi iliyomgusa anaitamka taratibu, tunakaa kimya, tunashirikishana, tunaangalia kuna kazi gani ya kufanya wiki hii, tunasali. Ile ya tano ndo watu wanairuka maana inatisha. Kushirikishana sio kuhubiri. Ni kusema hili neno limenikuta wapi mimi, Jumatatu yangu, kwenye duka langu, kwenye ndoa yangu.

Halafu nikumbushe kitu, hizi jumuiya hazikuanzishwa ziwe matawi ya uhasibu. Maaskofu wa nchi zetu za AMECEA (umoja wa maaskofu katoliki wa Afrika Mashariki) walipokutana Nairobi mwaka 1973 walisema kanisa lijengwe kuanzia kwenye jumuiya ndogo ambapo watu wanafahamiana kwa majina na wanaona kabisa maisha ya mwenzao yanavyokwenda, na 1976 wakakutana tena kwa ajili ya jambo hilo hilo. Parokia ina maelfu ya watu, padri hata angekuwa mtakatifu namna gani hawezi kujua kwamba fulani wa mtaa wa pili hajalala wiki nzima. Jirani anajua.

Basi naomba kila mwenye lake aseme. Nani alikushika mkono? Kwenye jumuiya, kikundi, seli, fellowship, vyovyote mnavyoita huko kwenu.

---

kijana_wa_Tabata

Milele amina. Nimekaa siti ya mbele hapa nasoma.

---

Mjukuu_wa_Karagwe

Bwana Yesu asifiwe sana. Mimi ni Mlutheri, KKKT, nimezaliwa Karagwe na nimekulia kwenye mikono ya watu wa Uamsho kwa hiyo hii mada ni ya kwetu kabisa, nivumilieni ntaandika kirefu.

Vijana wengi wanaijua historia ya uamsho kama jambo la mikutano mikubwa na wahubiri, lakini ulianza kwa watu wachache kukaa chini na kuambizana ukweli. Mwaka 1929 daktari Joe Church wa hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka na amekata tamaa, akakutana pale Namirembe na Simeoni Nsibambi, Mganda, wakakaa na Biblia wakasoma na kuomba pamoja. Mzungu na Mwafrika, miaka ile ya ukoloni, mmoja anamwambia mwenzake moyo wangu umekauka. Moto uliowaka Gahini miaka ya 1930 ukavuka Uganda, ukaingia kwetu Kagera, ukaenda Kenya, chanzo chake kwa sehemu kubwa ni hapo.

Babu yangu alikuwa mmoja wao. Walikuwa wanakutana kila wiki, wanaitana "ndugu" tu, mkulima, mwalimu, mchungaji, mzungu wa misheni, wote ndugu. Mtu anasimama anasema Yesu amenikuta wapi wiki hii, ameniambia nini, nimemkosea nani. Akimaliza wanasimama wanaimba Tukutendereza Yesu, ule wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu, wanashikana mikono, anafuata mwingine. Walikuwa wanasema "kutembea nuruni", wameitoa 1 Yohana 1:7, na waliichukulia kwa uzito, mtu aliyeiba jembe anarudisha jembe, aliyemsema vibaya mwenzake anaenda mpaka kwake. Babu alirudisha mbuzi kwa mtu ambaye alikuwa hajui kabisa kama mbuzi wake aliibiwa na nani, na yule mtu akaokoka kwa sababu ya mbuzi, hakuwa amewahi kusikia hubiri hata moja.

Na msidhani walikuwa watu wadogo wadogo tu. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alikuwa mtu wa uamsho, na mwaka 1977 alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza, kwenye mkutano uliofanyika hapa hapa Dar es Salaam. Festo Kivengere yule wa Uganda alifundisha Dodoma kabla hajawa askofu, kule alikuwa mwalimu wa kawaida kwenye kikundi cha ndugu kama wengine.

Ninachotaka kusema, imani ya babu haikumfikia kwa maelezo, ilimfikia ikiwa ndani ya maisha ya mtu aliyemjua. Na sisi wajukuu ilitufikia hivyo hivyo. Jioni tumekaa jikoni anasimulia habari ya mbuzi, tumeisikia tukaijua kwa moyo na bado tunamwambia babu hebu rudia.

---

Mpendwa_wa_Tanga

Mleta uzi Mungu akubariki kwa nia yako ila mi nina swali gumu na naomba lisipitwe. SIRI. Mnatuambia tufunguke tufunguke. Kwenye jumuiya yetu dada mmoja alifunguka kuhusu ndoa yake siku ya Jumamosi, Jumapili yake gengeni wanajua, Jumatatu mume anajua kwamba gengeni wanajua. Alipigwa. Alihama mtaa na kanisani hajarudi mpaka leo, na waliosambaza wako mbele kwenye kwaya wanaimba. Sasa mtu kama mimi nikiangalia hapo nakaa kimya na rozari yangu. Hao ndugu wa uamsho walifanyaje maana hata huko nasikia kuna watu waliumizwa kwa kutubu mbele za watu.

---

Mjukuu_wa_Karagwe

Mpendwa wa Tanga unasema kweli tupu, wapo walioumia. Kuna kipindi ndugu wengine walilazimisha watu kutubu hadharani, ukinyamaza unaonekana una dhambi umeificha, na kuna wake walisimama wakataja mambo ya waume zao kanisani. Bibi yangu alikuwa anapinga sana hilo, alisema dhambi yako itaje wewe, ya mwenzako mwachie mwenyewe na Mungu wake. Nuru inakuangazia wewe kwanza.

---

Katibu_Mbagala

@Mpendwa_wa_Tanga pole sana kwa huyo dada, na kama unajua alipo naomba mtu aende akamsalimie, hata kama ni miaka imepita. Hilo alilofanyiwa ni dhambi, na inabidi tuiite hivyo hivyo bila kuizunguka.

Kwetu tulipoanza tulikaa kwanza tukaongea hili. Tulikubaliana kwamba hadithi ya mtu ni mali yake, haitoki pale hata kwa kisingizio cha "tumwombee fulani". Maana umbea mwingi wa kanisani unapitia mlango wa maombi, mnajua. Ukitaka kumwombea mwombee, Mungu anamjua kwa jina. Mambo ya ndoa, kupigwa, kubakwa, ugonjwa wa mtu, hayo hayawekwi mbele ya watu ishirini, hayo unampata mtu mmoja uliyemjaribu kwa mambo madogo ukaona anatunza, au padri, na kama ni kupigwa kuna dawati la jinsia polisi, mwenzako akusindikize, maombi peke yake hapo hayatoshi na Mungu hajakataza polisi. Na hakuna anayelazimishwa. Ikifika zamu yako unaweza kusema napita, hakuna atakayekuangalia mara mbili. Yule mama wa samaki alipita muda mrefu sana kabla hajasema.

Mwenyekiti wetu aliwahi kumwambia mtu mbele yetu wote, kwa upole lakini bila kupepesa, hayo uliyosema sokoni hayakuwa yako. Yule mtu alikasirika kidogo lakini alibaki, na umbea ulipungua sana.

---

Mwana_wa_Bukumbi

Naomba kuongezea historia maana watu wanadhani mambo ya walei kushikana imani wenyewe kwa wenyewe yameanza juzi.

Mimi ni katekista huku kusini mwa ziwa. Mapadri Weupe, wale wamisionari wa Kikatoliki, waliingia Buganda Februari 1879, padri Lourdel ambaye Waganda walimwita Mapeera pamoja na bruda Amans. Novemba 1882 hali ikawa mbaya, mapadri wote wakaondoka wakavuka ziwa wakaja huku kwetu Bukumbi. Walirudi mwaka 1885, kabaka (mfalme) Mutesa ameshafariki na mwanae Mwanga ndo yuko kwenye kiti. Hebu fikirini hiyo nafasi katikati. Wakristo wachanga kabisa, wengine hawajabatizwa, misa hakuna, kitubio hakuna, padri hakuna.

Kwa akili ya kawaida wangetawanyika. Lakini mapadri waliporudi walikuta watu wameongezeka. Nani aliwafundisha? Walifundishana. Ikulu kulikuwa na Yosefu Mukasa Balikuddembe anakusanya vijana wa kabaka, Andrea Kaggwa anafundisha nyumbani kwake, na kule Mityana kina Matia Mulumba, Luka Banabakintu na Noe Mawaggali walikuwa na jumuiya yao hai. Mnayoijua ya Mashahidi wa Uganda inaanzia hapo, kwenye vikundi vya watu wanaokaa jioni wanakumbushana walichosikia.

Ndo maana mateso yalipokuja walisimama. Balikuddembe aliuawa Novemba 1885, Karoli Lwanga akashika nafasi yake, na usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886 kule Munyonyo, walipojua asubuhi wataitwa, Lwanga aliwabatiza mwenyewe wale waliokuwa bado, akiwemo Kizito aliyekuwa mdogo kuliko wote. Padri hakuwepo, alikuwepo kaka mkubwa wa jumuiya na maji. Tarehe 3 Juni wakachomwa Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana kwenye moto mmoja. Nikisoma hapo huwa naacha kabisa kubishana na mtu wa dhehebu lingine.

Mimi nikienda vigango ambako padri anafika mara chache kwa mwaka nawasimulia hiyo. Nawaambia msikae mnasubiri gari la padri ndo muwe wakristo.

---

Mwl_wa_Neno

Salamu katika Bwana. Naomba nitofautiane kidogo kwa upendo. Imani huja kwa kusikia, na kusikia huja kwa neno la Kristo, Warumi 10:17. Siku hizi makanisa yetu haya ya kiroho ibada nzima ni shuhuda. Nilikuwa sina gari nikapanda mbegu ya sadaka nimepata gari. Nilikuwa tasa nina mapacha. Watu wanapiga makofi. Na pale nyuma amekaa mama amezika mtoto mwezi uliopita, naye alifunga, naye alikesha, naye alitoa sadaka. Ushuhuda wake uko wapi? Hapewi maiki. Anatoka pale anaamini Mungu anawapenda wengine. Mimi nimeona watu wakipoteza wokovu kwa sababu ya shuhuda za wengine, ndo maana kwenye kikundi changu nimesema tufundishe Neno kwa mpangilio, stori za watu tuziwekee mipaka.

---

Katibu_Mbagala

Mwalimu hapo umegusa penyewe na sioni kama tunapingana. Tatizo ni kwamba tunasikiliza shuhuda za aina moja tu, zilizoisha vizuri. Biblia yenyewe haifanyi hivyo. Zaburi ya 88 inaanza na kilio na inaisha gizani kabisa, hamna "lakini nilishinda" pale mwishoni, na imewekwa humo humo kwenye kitabu cha sala ili watu waisali. Ayubu amelia sura kwa sura kabla Mungu hajasema neno. Hata hao wa Emau, Bwana mfufuka anawakuta njiani anawauliza mnaongea mambo gani, yaani anayajua yote na bado anawaacha wamsimulie huzuni yao mpaka mwisho, ndo anaanza kufungua Maandiko. Mpangilio ni huo huo wako mwalimu, Neno linafundishwa kwa mpangilio, ila linafundishwa kwa watu ambao wamesikilizwa.

Kwa hiyo sisi tunasema wazi kwamba mtu anaweza kuleta ushuhuda ambao haujaisha. Anasema niko hapa, sioni mbele, kesi iko mahakamani, mtoto bado amelazwa, na hatumwambii maneno ya haraka haraka, "Mungu ana makusudi", "usilie mpendwa". Tunamwachia alie. Paulo anasema Warumi 5 dhiki inaleta saburi, saburi inaleta uthabiti wa moyo, uthabiti unaleta tumaini. Tumaini liko mwisho wa huo mstari. Huyu mama wa mtoto aliyekufa yuko kwenye dhiki na sisi tunamdai tumaini leo leo, na hiyo katikati nani anapita naye?

---

Mwl_wa_Neno

Nimekuelewa dada. Huyo mama niliyemtaja ni wa kweli, sio mfano. Ntamtafuta wiki hii.

---

Eldoret_Moja

Praise God watu wangu. Nimesoma hii uzi yote, wacha na mimi niseme ya huku kwetu.

Jumuiya yetu kabla ya 2007 ilikuwa mchanganyiko, Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Wajaluo, tunazungukia kwa nyumba ya kila mtu, tunakunywa chai ya kila mtu. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 mnajua kilichotokea, watu wa makabila waligeukiana. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, si mbali na hapa, lilichomwa na watu wakiwa ndani, akina mama na watoto. Sisi familia yetu tulikimbilia Showground, tukalala kwa hema kwa miezi. Na niseme ukweli, pale kwa hema sikuwa na imani, nilikuwa na hasira tu, kwa sababu watu waliochoma nyumba zetu walikuwa watu wa kuimba na sisi kwa kanisa.

Baadaye wachache tulirudi na katekista wetu akaanza kutuita tena. Mara ya kwanza tulikaa kama watu wa matanga, hakuna anayemwangalia mwingine. Tulisoma, tukasali, tukaenda. Siku ingine yule katekista akasema leo sitaki mtu aseme siasa na sitaki mtu aseme nani alifanya nini, hiyo siku yake itafika na kuna mahali pake, leo nataka kila mtu aniambie kitu moja tu: usiku wa kwanza ulilala wapi, na nani alikupea chakula.

Ilikuwa ngumu lakini kila mtu alikuwa na jibu. Mwenye alilala kwa mtaro wa maji. Mwenye alilala police station. Halafu mama mmoja Mkalenjin, ambaye sisi wote tulikuwa tunamwogopa kwa sababu ya vijana wake, akasema hakulala, alikuwa amefungia familia ya jirani Mkikuyu kwa store ya mahindi na yeye alikaa kwa mlango usiku mzima na vijana wake mwenyewe wako nje. Hiyo familia ilikuwa imehamia Nakuru, hatukuwa tumesikia hii stori kutoka kwa mtu yeyote. Mke wangu aliinuka akaenda kukaa karibu na yeye. Hawakusema kitu.

Sitaki mtu afikirie tuliisha mambo siku hiyo. Kuna majirani hawajawahi rudi, na kuna mashamba mpaka leo ni maneno. Lakini nilianza kusali tena kutoka hapo. Nilikuwa nimeambia Mungu aliondoka Eldoret hiyo wiki, kumbe alikuwa amekaa kwa mlango wa store.

---

kijana_wa_Tabata

Eldoret Moja nimesoma hii nikiwa kwenye daladala imebidi niangalie dirishani.

---

Dada_wa_Maskati

Habari za huko nyumbani. Mimi niko Oman, kazi za ndani. Wengine mnaweza mkasema jumuiya ni kukutana, sasa sisi tusiotoka je?

Huku makanisa yapo, pale Ruwi kuna eneo la makanisa na Ijumaa panajaa, Wafilipino, Wahindi, Waafrika, kwa sababu wikendi ya huku ni Ijumaa na Jumamosi. Lakini mimi kufika pale inategemea kama wenye nyumba wananiruhusu na mara nyingi kuna wageni, kuna watoto. Nilikaa muda mrefu sijaingia kanisani. Unasali chumbani peke yako umechoka mpaka maneno yanaisha.

Kilichonishika ni akina mama wa jumuiya yetu ya Singida. Wana grupu la WhatsApp ambalo wameweka sheria hamna kufowadi picha za maua wala "tuma kwa watu kumi", ni kutuma sauti yako tu. Wakishamaliza Neno mmoja wao anarekodi anasema leo tumesoma hiki, mama fulani amesema hivi, binti yetu wa Maskati wewe umelionaje? Yaani wananiuliza MIMI, sio kunitumia tu. Nasikiliza saa tano usiku nikishamaliza vyombo, nawajibu kwa sauti ya chini watoto wasiamke. Nyuma ya sauti zao nasikia kuku, nasikia mtoto analia, nasikia mtu anapuliza moto.

Kuna siku nilitaka kufanya jambo baya, sitalisema hapa. Nilisikiliza sauti ya mama mmoja anasimulia alivyoishi baada ya mume wake kufa kwenye machimbo, hakuwa ananiambia mimi, alikuwa anashirikisha tu kama kawaida. Nikalala. Asubuhi nikaamka nikaendelea na kazi.

Kwa hiyo mnaoshirikisha msidhani ni waliokaa kwenye mkeka tu wanaosikia.

---

Katibu_Mbagala

Dada wa Maskati nimekutumia ujumbe pembeni, tafadhali nijibu hata kwa neno moja. Na ile hali ikirudi usikae nayo peke yako, amsha mtu, piga hata usiku, nimekuachia namba.

Watu wa jumuiya zenye binti zetu Uarabuni, mmesoma alivyosema? Anataka aulizwe. Sisi tunawakumbuka kwenye michango maana wanatuma hela nzuri, halafu hatuwaulizi wamelala vipi.

---

kijana_wa_Tabata

Sasa mi naomba kuuliza. Vijana hatuendi jumuiya, tuseme ukweli. Kwanza alfajiri ya Jumamosi mtu umetoka kazini usiku. Pili tukienda tunaonekana wa kubeba viti na kusoma somo, kwenye kushirikishana wanaongea wazee. Chuo nilikuwa TYCS, umoja wa wanafunzi wakatoliki, nikawaka kweli kweli, tulikuwa tunaongea mambo yetu hasa, boom (hela ya mkopo wa chuo) limechelewa, mpenzi kaondoka, sijui kama naamini. Nimemaliza chuo nimerudi mtaani nimezima. Sijaacha imani, ila sina pa kuisema.

---

Mjukuu_wa_Karagwe

Mdogo wangu tafuta wawili tu. Siongei kwa nadharia, babu na wenzake walianza watatu. Ongea na mwenyekiti wako muwe na siku yenu ya jioni, Jumatano au Alhamisi, bado mko ndani ya jumuiya ile ile, na mara moja kwa mwezi nendeni kwa wazee msikilize na msikilizwe. Na ukisema neno "sijui kama naamini" mbele ya mzee mwenye imani ya kweli hatashtuka. Mi nilimwambia babu hivyo nikiwa kidato cha tano, akanijibu hata mimi mwaka ule wa njaa, akaanza kunisimulia.

---

Mpendwa_wa_Tanga

Narudi tena. Nimefikiria lile la kumtafuta yule dada. Nimempata kupitia shoga yake, yuko Muheza. Swali langu, nikienda naenda kusema nini? Miaka imepita na sisi ndo kanisa lililomwangusha.

---

Katibu_Mbagala

Nenda, Mungu akutangulie. Usiende na msafara wala viongozi, nendeni wawili, wewe na huyo shoga yake anayemwamini. Msibebe bahasha ya michango wala daftari. Bebeni sukari au mchele kama unavyoenda kwa mtu yeyote. Usianze na "rudi kanisani". Mpe pole kwa yaliyompata, mwambie wazi kwamba alitendewa vibaya na watu wa jumuiya na kwamba hakukosea kusema, hilo atakuwa hajawahi kulisikia kwa mtu. Halafu muulize anaishije sasa hivi, watoto wanasoma wapi, na umsikilize. Akitaka msali, salini. Asipotaka, mshukuru kwa kukupokea na muulize kama unaweza kurudi.

Nauli ikikupiga chenga sema hapa hapa, wengine tunaweza kuchangia hiyo.

---

Mwana_wa_Bukumbi

Nauli niwekeni mimi wa kwanza.